Meza Moja, Sufuria Mbili

Somo la ushirika wa nyumbani
Kusoma: Warumi 14:1-23 na 15:1-7, 1 Wakorintho 10:23-33, 1 Wakorintho 11:20-34, Mithali 15:17

Somo la wiki hii linatoka jikoni. Najua kuna mtu atasema, "Mwalimu, sisi tulitaka kusikia habari za Roho Mtakatifu, na wewe unatuletea sufuria." Lakini angalia Warumi. Paulo anafundisha dhambi, neema, imani, Israeli na mambo mengine mazito, halafu akifika sura ya 14 anaketi kabisa na swali la nani anakula nyama na nani anakula mboga. Kama mtume aliona jambo hili linastahili sura nzima, hata sisi tunaweza kulipa jioni moja.

Tena sisi ndio tunalihitaji, kwa sababu ushirika wetu wa nyumbani huishia mezani. Tunaimba, tunasoma Neno, tunaombeana, halafu mama wa nyumba anasema "karibuni chakula." Na siku hizi ni vigumu kualika watu kumi usipate hata mmoja asiyekula nyama. Mmoja daktari amemkataza kwa sababu ya jongo, vidole vya miguu vinavimba akigusa nyama nyekundu. Mwingine amelelewa katika nyumba ya Waadventista wa Sabato, na ingawa sasa anaabudu nasi, mwili na dhamiri yake bado havijazoea nyama. Kuna kijana wa chuo kikuu ambaye anawahurumia wanyama. Kuna jirani au mfanyakazi mwenzako ambaye wazee wake walitoka Gujarat, na katika jamii yao nyama haijaingia jikoni tangu enzi za babu wa babu. Na kuna yule ambaye yuko kwenye maombi ya kufunga na hataki kutangaza.

Hebu kwanza tuone Rumi ilikuwaje. Matendo 18:2 inatuambia Kaisari Klaudio aliwafukuza Wayahudi katika mji huo, ndiyo maana Akila na Prisila wakaenda Korintho na kukutana na Paulo. Wanahistoria wengi huliweka jambo hilo mwaka wa 49. Klaudio akafa mwaka wa 54, na Wayahudi wakaanza kurudi. Paulo akaandika barua hii karibu mwaka wa 57, na ukisoma Warumi 16:3-5 utakuta Akila na Prisila wako Rumi tena, na kuna kanisa linalokutana nyumbani kwao.

Sasa weka picha hiyo kichwani. Hakuna jengo la kanisa lenye viti vya plastiki na spika. Kanisa ni sebule ya mtu. Wale waliofukuzwa wanarudi, wanakuta nyumba zimejaa waumini wa mataifa ambao wamezoea kula chochote. Yaelekea Wayahudi wengine hawakuwa na hakika nyama ya sokoni ilichinjwa vipi, au kama ilipitia mbele ya sanamu kabla ya kufika buchani, basi wakaona heri mboga, kama Danieli na wenzake kule Babeli walivyofanya. Wengine wakasema nyama ni nyama, Mungu ni mmoja, lete sahani. Na wote hao walikuwa wanakaa meza moja. Ukiwa unaabudu kwenye ukumbi mkubwa unaweza kukwepana na mtu mwaka mzima. Ukiwa unaabudu sebuleni na kula huko huko, huwezi.

Paulo anatoa amri mbili katika aya ya 3, na ukisoma haraka utadhani ni moja. Anayekula kila kitu anaambiwa asimdharau asiyekula. Asiyekula anaambiwa asimhukumu anayekula. Mmoja ana shida ya dharau, mwingine ana shida ya hukumu. Mtume anazijua roho zetu! Maana ndivyo ilivyo hadi leo. Mlaji nyama hakasiriki, yeye anacheka. "Bana, wewe ni mbuzi unakula majani?" "Ndiyo maana umekonda hivyo." "Mwanamume mzima unashiba na managu?" Naye asiyekula nyama hacheki, anatazama sahani ya mwenzake kwa ule uso wa mtu aliyeona dhambi. Wakati mwingine anafungua mdomo na kueleza jinsi nyama inavyooza tumboni, wakati wenzake ndio wanatafuna.

Wa kwanza anasema ni utani tu. Wa pili anasema ni ukweli tu. Paulo anawaambia wote wawili sababu moja, kwamba Mungu amekwisha kumpokea huyo mtu. Unamfukuzaje mezani mtu ambaye Mwenye meza mwenyewe amemkalisha?

Hilo neno "kupokea" nataka tukae nalo kidogo. Katika Kigiriki ni proslambano, kumchukua mtu na kumvuta karibu nawe awe wako. Paulo analitumia katika 14:1, analirudia 14:3, na analifungia nalo hoja katika 15:7. Luka analitumia katika Matendo 28:2, pale Paulo na wenzake walipovunjikiwa na merikebu, wakatoka majini wakitetemeka na watu wa kisiwa cha Malta wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Na Paulo analitumia tena kwa Filemoni, aya ya 17, akimwombea Onesimo apokewe kama vile angepokewa yeye mwenyewe. Kwa hiyo kumpokea asiyekula nyama si kumvumilia tu. Si kusema, "Sawa, aje, atajua atakula nini." Ni kumwashia moto mtu aliyelowa.

Sasa tuje kwetu, maana hapa ndipo pagumu. Kwetu Kenya nyama si chakula tu, ni heshima. Mgeni akija, kuku anakimbizwa uwanjani. Kwa Waluhya firigisi ina mwenyewe, huwezi kumpa mtu yeyote tu. Kwenye ngurario ya Wakikuyu, bega la mbuzi likikatwa ndipo watu wanajua kuna ndoa. Jamii za wafugaji nazo, mtu akikuchinjia amekukatia sehemu ya mali yake. Hata mjini, mwenye mshahara mdogo akialika wageni atapitia buchani kwanza, na kama hana pesa ataandikwa kwenye kitabu cha deni. Hakuna anayetaka isemwe kwamba watu walikwenda kwake wakapewa maharagwe.

Kwa hiyo mgeni akisema "mimi sili nyama," mama wa nyumba hasikii habari ya chakula. Anasikia kwamba heshima yake imekataliwa. Ndiyo maana anasukuma. "Hata kidogo tu? Hata supu? Basi nikuletee kuku?" (Wakenya wenzangu, kuku ni nyama. Samaki pia. Na omena, hata zikiwa ndogo namna gani, zilikuwa na macho.) Hana ubaya huyo mama, anajaribu kupenda kwa lugha aliyofundishwa na mama yake. Na lugha yenyewe inatuchanganya, kwa sababu kwetu "mboga" ni chochote kinachoandamana na ugali. Unauliza "leo mboga ni nini?" unajibiwa "ni nyama." Mgeni akikuambia anakula mboga peke yake, muulize vizuri.

Ibrahimu aliwachinjia wageni watatu ndama laini, Mwanzo 18. Baba wa yule mwana mpotevu alichinja ndama aliyenona. Biblia haina shida na heshima ya nyama. Lakini Mithali 15:17 inaweka mizani. Sulemani, ambaye meza yake haikukosa nyama, anasema sahani ya mboga palipo na upendo ni bora kuliko ng'ombe mnono palipo na chuki. Kama heshima unayompa mgeni inamwacha na njaa au aibu, hiyo heshima umejipa wewe.

Wacha niwaambie jambo lililotokea katika ushirika mmoja ninaoufahamu. Sitataja mtaa wala jina. Kulikuwa na ndugu mmoja kijana, ameokoka miaka miwili, mtu wa maombi kweli. Alikuwa hali nyama, na alikuwa amesema hivyo bila maneno mengi. Jioni moja walipikiwa githeri. Mwenye nyumba alikuwa ameikaanga na supu ya mifupa, lakini kijana alipouliza, akaambiwa, "Hakuna nyama hapo, kula." Ni kweli, kipande hakikuwepo. Akala sahani, akaongezwa. Walipomaliza, mzee mmoja akacheka kwa sauti akasema, "Umeona? Umekula ng'ombe na hujafa!" Nyumba nzima ikaangua kicheko.

Kijana hakusema kitu. Alitoka nje, na waliokuwa karibu na mlango walimsikia akitapika kando ya ua. Akaenda nyumbani. Jumapili hakuonekana. Mwezi ukapita, wa pili, wa tatu, wa nne.

Nilitumwa kwenda kumwona pamoja na yule mama mwenye nyumba, maana ndiye aliyesema hawezi kulala. Mama hakuanza na maandiko. Alisema, "Mwanangu, nilikudanganya ndani ya nyumba yangu. Nisamehe." Kijana akalia. Kisha akatueleza kwa nini hali nyama. Sababu yenyewe sitaiandika hapa. Ni yake, na Warumi 14:22 inamruhusu kuiweka kati yake na Mungu wake. Nitasema tu kwamba ilihusu mtu aliyekufa, na nadhiri, na kwamba hakuna hata mmoja wetu katika ule ushirika aliyewahi kumuuliza kwa nia ya kutaka kujua. Tulikuwa tumeuliza kwa nia ya kubishana.

Alirudi. Lakini hadi leo anakuja na chakula chake ndani ya mkebe. Anakaa na sisi, anaomba na sisi, anacheka na sisi, halafu wakati wa kupakua anafungua mkebe wake. Hakuna anayemwambia aache. Imani ya kula kutoka mkononi mwa mtu ikivunjika, inajengwa polepole kuliko ukuta.

Kwa hiyo soma tena aya ya 15 na ya 20 ukijua zinazungumza juu ya mtu halisi. Paulo anauliza kama kweli unaweza kumharibu kwa chakula mtu ambaye Kristo alimfia. Upande mmoja wa mizani ni damu ya Yesu, upande wa pili ni supu ya mifupa.

Na usiniambie "lakini hakuna dhambi katika supu." Najua. Paulo pia anajua, anasema wazi katika aya ya 14 kwamba hakuna kitu kilicho najisi kwa asili yake. Lakini anaendelea hadi aya ya 23, na hapo panatisha. Mtu anayekula huku dhamiri yake inamkataza amehukumiwa, kwa sababu hakutenda kwa imani. Maana yake, ukimlazimisha ndugu yako kwa maneno matamu, "kula kidogo tu, Mungu anaelewa," umemsaidia kutenda dhambi ambayo kwako wewe si dhambi. Na ukimfichia ndani ya chakula, umemnyima hata nafasi ya kuchagua.

Kuna wengine hapa ambao wanajua jambo hili kwa upande wa mutura. Wako waumini wengi wanaokula nyama choma bila shida, lakini mutura hawagusi kwa sababu ya damu, wakisoma Matendo 15:29. Wengine wanakula na hawaoni shida. Sitaki kumaliza mjadala huo leo. Nataka tu wewe usiyekula mutura ukumbuke ulivyojisikia siku ile waliposukuma sahani mbele yako wakicheka, halafu uwe mpole kwa asiyekula kuku.

Sasa kuna andiko ambalo hurushwa kama jiwe, 1 Timotheo 4:3-4, juu ya watu wanaowakataza wengine vyakula ambavyo Mungu aliviumba. Nimesikia mtu akimsomea dada mmoja andiko hilo mezani, dada ambaye alikuwa amesema tu "asante, nyama sitaki." Jamani. Andiko linamzungumzia mwalimu anayekataza wengine na kuifanya hiyo kuwa njia ya utakatifu. Yule dada hakumkataza mtu. Kama mtu atasimama kanisani kwetu na kufundisha kwamba anayekula nyama hataingia mbinguni, tutamfungulia 1 Timotheo 4. Anayeomba kuongezewa ndengu hajakosea lolote.

Jambo lingine ni hilo neno "dhaifu" katika aya ya 1. Paulo analitumia kwa mtu ambaye imani yake haijampa uhuru wa kula. Halihusu kila asiyekula nyama. Mwenye jongo si dhaifu wa imani, ana ugonjwa. Aliyeacha nyama kwa kuwa bei imepanda, huyo ana akili. Na hata yule anayestahili neno hilo, Paulo hakutupa ruhusa ya kumwita hivyo usoni. Katika 15:1 anawaambia wenye nguvu wabebe udhaifu wa wengine. Mwenye nguvu ndiye anayebeba, na wewe unayesema una nguvu, tuone mgongo wako.

Na mgeni ambaye hajaokoka je? Yule jirani Mhindi ambaye umemwalika baada ya miaka mitano ya kusalimiana kwenye lango? Soma 1 Wakorintho 10:32-33. Paulo anasema tusiwe kikwazo kwa Wayahudi, wala kwa Wayunani, wala kwa kanisa. Huyo jirani yumo hapo. Ukijua ni Mjaini, ujue kwamba wengi wao hawali hata vitu vinavyong'olewa ardhini, yaani vitunguu, vitunguu saumu, viazi, karoti. Utashangaa, "sasa nitapika nini bila kitunguu?" Pika ndengu kwa nyanya, tangawizi kavu, binzari na jira. Muulize kwanza hata hivyo, maana nyumba hutofautiana. Kule kuuliza kwenyewe kutamwambia mambo ambayo trakti haiwezi kumwambia.

Basi twende jikoni, maana upendo usiofika kwenye sufuria bado ni maneno.

Uliza mapema. Unapotuma ujumbe wa kuwaalika watu, ongeza mstari mmoja: "Kuna chakula usichokula?" Usingoje mpaka watu wameketi ndipo utangaze mbele ya wote, "Kumbe fulani hali nyama, tutamfanyia nini sasa?" Hapo umemfanya awe tatizo la jioni hiyo. Ukimjua, nyamaza na upike.

Anza na sufuria isiyo na nyama. Jikoni kukiwa bado kusafi, kata mboga, kaanga, funika, weka kando. Baadaye kata nyama. Ukianza na nyama utatumia ubao ule ule, kisu kile kile, na mwiko ule ule utapita kutoka kwa mchuzi hadi kwenye sukuma wiki, na wewe hutaona kitu, lakini yeye atasikia harufu. Kila sufuria iwe na upawa wake hata mezani. Kama mnachoma, mahindi na ndizi zake ziwe upande ambao mafuta ya nyama hayadondoki.

Usimpikie pilau ya nyama halafu umwambie atoe vipande. Ule wali umeiva ndani ya supu ya nyama, sasa atatoa nini? Pika pilau njeri. Imepata jina la utani kwa sababu ya kukosa nyama, lakini ikipikwa na mtu anayejua pilipili manga na mdalasini, walaji nyama huifuata wenyewe. Mukimo nayo usiilainishe kwa supu. Viungo vya pakiti, soma maandishi ya nyuma kabla hujamwaga, kwa maana vingine vina ladha ya nyama. Sukuma iliyokaangwa kwa mafuta yaliyobaki kwenye sufuria ya nyama, hiyo tayari ni nyama.

Kisha jambo ambalo wenyeji wengi hawalijui hadi limewapata. Ukiwa na wageni 12 na wawili hawali nyama, usipike ndengu za watu wawili. Wale kumi watachukua nyama, na watachukua ndengu pia! Ndengu na chapati, nani atapita? Ukishtukia, foleni ikifika kwa wale wawili, karai la nyama bado lina nyama na la ndengu limebaki na mchuzi wa chini. Wanarudi kwenye kiti na chapati kavu na kachumbari, wanasema "tumeshiba" kwa sababu ya adabu. Hiyo ndiyo Korintho ya 1 Wakorintho 11:21, mmoja ana njaa na mwingine amezidi, kwenye ibada moja. Paulo aliuliza kama wanataka kuwaaibisha wasio na kitu, na katika aya ya 33 akawaambia wangojane. Basi pika ndengu za watu 12, na nyama punguza. Itakupunguzia gharama pia. Na wale wawili wapakue kwanza, lakini bila kutangaza kwa nini. Mwite mmoja wao kwa jina, "Dada, anza upande huu," yatosha.

Isitoshe, mpe chakula kinachoshiba. Maharagwe, ndengu, kunde, njugu karanga, mayai kama anakula mayai, kwa maana wengine hula mayai na maziwa na wengine hawali. Kabeji peke yake si mlo wa mtu aliyetoka kazini.

Nawe mgeni usiyekula nyama, nina neno na wewe pia. Sema mapema, na usione haya, kwa sababu ukimwacha mama apike mbuzi mzima halafu useme ukiwa mezani, umemtwika aibu. Ukisahaulika, kula kilichopo kwa shukrani na usifanye mahojiano na kila sahani. Usihubiri habari za mizoga wakati watu wanakula. Warumi 14:4 inauliza wewe ni nani hata umhukumu mtumishi wa mwingine, na huyo anayeng'ata mguu wa kuku ana Bwana wake, na Bwana wake anaweza kumsimamisha. Kama uliacha nyama kwa ajili ya Bwana, aya ya 6 inasema unamshukuru Mungu, naye anayekula anamshukuru Mungu. Mnashukuru mmoja yule yule. Acha ombi la chakula liwe la wote.

Na kwa sisi walaji nyama, nadhani tunasahau haraka. Kila Januari makanisa mengi hapa nchini huingia katika mfungo wa Danieli, siku 21, kufuatana na Danieli 10:2-3, bila nyama. Siku ya tisa hivi, ukipita kando ya bucha jioni wanachoma, unajua wewe mwenyewe inavyokuwa. Ukialikwa mahali wakati huo unaomba moyoni, "Bwana, wasinisukume." Unatamani mwenyeji akuelewe bila maelezo marefu. Sasa fikiria mtu ambaye Januari yake haiishi.

Kwa ushirika wa wiki hii, mwenye nyumba asome Warumi 14:1-8 kabla ya chakula, si baada. Kisha mzungumze kwa uhuru: ni chakula gani umewahi kulazimishwa kula, na nani alikulazimisha? Je, kuna mtu aliyeacha kuja katika ushirika wenu, na mnajua kama sababu ilikuwa mezani? Kama yuko, mchague wawili wa kumtembelea kabla ya Jumapili. Msiende na orodha ya maandiko. Mwende na chakula anachokula, na kama hamjui anakula nini, mpigieni simu kwanza mumuulize.